Msumeno Mkongwe wa Mnyororo Huthaminiwa kwa Kufunguliwa

Mtu akiniuliza msumeno fulani wa zamani wa mnyororo una thamani gani, kabla ya kumjibu humuuliza kama ekzosi imefunguliwa na pistoni kuangaliwa. Rangi, jina la kiwanda na umri wa mashine ni mambo ambayo kila mpita njia anayaona, na ndiyo maana wauzaji huyatanguliza. Lakini kinachoamua kama mashine hiyo ni hazina au ni chuma chakavu kimo ndani ya silinda, katika sili za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na katika kona za nyumba ya magnesiamu, yaani kasha la injini, ambako vumbi la mbao lililolowa oili limekaa kwa miongo kadhaa. Kwa maoni yangu, kuthamini na kutengeneza ni kazi moja: asiyejua kuifungua mashine hawezi kuikadiria, na anayeitengeneza bila kujua thamani yake huishia kuiharibu kwa nia njema.

Ili kuelewa kwa nini misumeno miwili ya umri unaokaribiana hutofautiana sana kwa thamani, inafaa kujua jinsi chombo hiki kilivyokua. Mwaka 1926 Andreas Stihl alitengeneza huko Ujerumani msumeno wa mnyororo uliotumia umeme, na mwaka uliofuata Emil Lerp akaujaribu msumeno wake wa petroli katika mlima Dolmar, eneo la Thuringia, mlima ambao uliipa kampuni yake jina. Mashine hizo zilikuwa na uzito wa karibu kilo 50 au zaidi na zilihitaji watu wawili, mmoja akishika upande wa injini na mwenzake akishika mpini ulio kwenye ncha ya bamba linaloongoza mnyororo. Mwaka 1950 Stihl walitoa BL, msumeno wa petroli wa mtu mmoja wenye kilo 16, na mwaka 1959 wakatoa Contra, wenye kilo 12, ambao mnyororo wake ulizungushwa moja kwa moja na injini bila giaboksi. Marekani nako, McCulloch walikuwa wamekwisha kuingiza sokoni modeli yao ya 3-25 mwishoni mwa miaka ya 1940, ikiwa na uzito wa takriban kilo 11.

Nyuma ya kupungua huko kwa uzito kulikuwa na uvumbuzi ambao hadi leo unagusa bei. Kabureta za awali zilikuwa na boya, na boya halifanyi kazi likilazwa ubavu, kwa hiyo ilibidi bamba lote ligeuzwe huku injini ikibaki wima. Kabureta ya diaframu, yaani utando mwembamba unaonyumbuka, hasa zile za kampuni ya Tillotson zilizoenea katika miaka ya 1950, iliondoa kikwazo hicho, na mkataji akaweza kuulaza msumeno upande wowote. Mnyororo nao ulibadilika. Minyororo ya mwanzo ilikuwa na meno ya kukwaruza, yaliyofanana na ya msumeno wa mkono, yaliyoziba upesi na kuhitaji kunolewa kila mara. Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, aliwachunguza mabuu wa mbawakawa waliokuwa wakitafuna kisiki, wakikata kushoto na kulia bila kujali mwelekeo wa nyuzi za mti, akabuni jino lililopinda linaloiga taya zao; mwaka 1947 akaanzisha kampuni ya kuutengeneza mnyororo huo. Karibu kila mnyororo unaotumika leo umetokana na wazo lile. Ndiyo maana msumeno wa watu wawili ukiletwa na mnyororo wake wa asili wa meno ya kukwaruza, hata ukiwa na kutu, mnyororo huo hautupwi. Mashine nyingi zilibadilishiwa minyororo zikiwa bado kazini, na wachache waliona sababu ya kuhifadhi ile ya kwanza.

Sasa tuingie ndani. Kabla ya kuleta petroli karibu na mashine, ninavuta kamba ya stata taratibu. Injini yenye mgandamizo mzuri hukataa, kisha hukubali, kisha hukataa tena, na mkono unahisi kila mzunguko. Injini iliyochoka huzunguka kwa ulaini unaosikitisha. Wapo wanaoinua msumeno mzima kwa mpini wa stata ili waone unavyoshuka kwa vipindi. Kipimo hicho ni cha kweli, ila sikipendekezi, kwa sababu kamba ya miaka 50 haina sababu ya kuaminiwa na nyumba ya magnesiamu ikigonga sakafu hupasuka. Geji ya mgandamizo hutoa jibu bora. Msumeno wa mtu mmoja unaosoma pauni 150 kwa inchi ya mraba una afya. Ukishuka chini ya 100, kwa kawaida hata kuwaka kwake huwa kwa tabu. Mashine kubwa za kizamani zinazozunguka polepole huridhika na 120 hivi, na haifai kuzihukumu kwa kipimo cha mashine za sasa.

Kisha ninafungua ekzosi. Hii ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapo uvumi wote unakoma. Ukimulika tochi katika tundu la kutolea moshi na kuizungusha krenki kwa mkono, pistoni hupita mbele ya macho yako, na juu ya ubavu wake unaweza kusoma maisha yake. Kama mistari myembamba ya mlalo iliyoachwa na mashine ya kiwandani bado inaonekana, pistoni hiyo haijafanya kazi nyingi, hata kama rangi ya nje imebabuka yote. Kama kuna mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi, injini iliwahi kupata joto kupita kiasi, mara nyingi kwa kukosa oili katika petroli au kwa kuvuta hewa mahali isipostahili. Kama ubavu ulioelekea kabureta ndio uliofifia na kulika, basi vumbi limekuwa likipita kwenye chujio la hewa kwa muda mrefu, na hapo nashuku beringi za krenki pia, maana vumbi hupitia kwao kabla ya kufika juu. Skrubu mbili tu hukupa habari zote hizo, na muuzaji anayekataa zisifunguliwe amekwisha kukueleza anachokijua.

Baada ya pistoni huja ukamilifu wa mashine. Kifuniko cha chujio la hewa, kifuniko cha stata, mpini wa mbele, vifuniko vya matangi na nati za bamba ni vitu ambavyo hupotea kwa urahisi na havipatikani kwa urahisi. Kwa modeli iliyotengenezwa kwa wingi, kasoro hiyo huzibwa kwa kununua mashine nyingine mbovu na kuchuna sehemu zake. Kwa modeli adimu, kifuniko kimoja kinachokosekana kinaweza kukuweka miaka mingi ukikitafuta, na bei unayoitoa inapaswa kubeba ukweli huo. Namba na maandishi ya kwenye kibati yasomwe vizuri: modeli zenye umbo moja la nje zilitengenezwa kwa ujazo tofauti wa silinda, na kifuniko chenye jina huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine bila shida. Stihl 070, mrithi wa Contra, ni mfano mzuri, kwa kuwa imeigwa sana hata sehemu za kuiga zimechanganyika na za asili ndani ya mashine ileile. Kwa fundi anayepasua mbao kila siku hilo si dhambi. Kwa mkusanyaji linaondoa sehemu kubwa ya thamani.

Hapo ndipo panapohitaji kuulizwa thamani ni ya nani. McCulloch wenye silinda kubwa, na hasa Super Pro 125 wenye ujazo wa sentimita 123 za ujazo, hutafutwa na wakusanyaji kwa ajili ya nguvu zake, lakini kuna kundi jingine linalozitaka injini za jamii hiyo: tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 injini za McCulloch zilifungwa kwenye magari madogo ya mashindano ya karti, na wapenzi wa karti za kale bado wanazisaka. Misumeno mingi mizima imevuliwa injini kwa sababu hiyo, na iliyobaki ikiwa kamili imepanda daraja. Kwa upande mwingine kuna Dolmar KMS 4 ya miaka ya 1970, iliyotumia injini ya Wankel isiyo na pistoni ya kupanda na kushuka. Ni kitu cha ajabu na cha kuheshimiwa, lakini yeyote anayeinunua akitaka kuikatia kuni ajue kwamba sili za ncha za rota yake, kipande kinachozunguka badala ya pistoni, hazipo katika duka la vipuri la kawaida. Thamani yake iko katika kuwepo kwake. Homelite XL-12 ya miaka ya 1960 iko mwisho mwingine kabisa wa mizani: ilitengenezwa kwa wingi mno, si adimu, lakini ni nyepesi na rahisi kufungua, na kwa mtu anayeanza kujifunza siwezi kumtajia shule bora zaidi.

Jambo linaloniogopesha zaidi ya pistoni iliyokwaruzwa ni magnesiamu iliyolika. Nyumba za misumeno hii zilisubiwa kwa magnesiamu ili uzito upungue, na chuma hicho hakipendi unyevu, hasa ukiwa na chumvi. Maranda yaliyobaki chini ya kifuniko cha sproketi, gurudumu la meno linalouvuta mnyororo, hunyonya maji na kuyashikilia palepale mwaka baada ya mwaka, na mtu akija kuyakwangua hukuta unga mweupe na, chini yake, vishimo. Katika modeli nyingi tangi la mafuta ni sehemu ileile ya nyumba ya injini, kwa hiyo tundu dogo la tangi si jambo la kuziba na kusahau. Magnesiamu huweza kuchomelewa chini ya kinga ya gesi ya agoni na mtu aliyeizoea kazi hiyo; asiyeizoea asijaribu, kwani vumbi la tupa la magnesiamu hushika moto mkali ambao maji huuzidisha.

Ukishakubali kwamba mashine inastahili kazi, anza na cheche. Misumeno mingi ya kabla ya miaka ya 1970 ina pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee) na kondensa chini ya gurudumu la sumaku. Gurudumu hilo litolewe kwa pula, kifaa cha kulivuta, na lisipigwe nyundo, maana mapezi yake huvunjika na krenki hupinda. Mara nyingi tatizo lote ni ukungu mwembamba juu ya uso wa pointi, ambao huondoka kwa kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa spiriti. Nafasi ya pointi huwa kati ya milimita 0.3 na 0.4 katika modeli nyingi, na nafasi kati ya koili na sumaku inaweza kupimwa kwa kadi nyembamba. Kagua pia ufunguo mdogo wa chuma unaolishikilia gurudumu kwenye krenki, kwa sababu ukiwa umekatika kidogo, cheche itakuwepo lakini haitakuja kwa wakati wake. Siku hizi kuna vijisanduku vya elektroniki vinavyochukua nafasi ya pointi na kondensa. Ninavikubali kwa msumeno wa kazi. Kwa msumeno ambao pointi zake bado ni nzima naona ni kuupokonya sehemu yake bila sababu.

Mafuta ndiyo chanzo cha maradhi mengi ya sasa. Petroli yenye ethanoli hulainisha mipira ya zamani kisha huikausha, na mabomba ya ndani ya tangi hugeuka utelezi mweusi unaoingia kwenye kabureta. Ukifungua kabureta ya Tillotson iliyokaa bila kazi, diaframu iliyopaswa kunyumbuka hutoa sauti ya jani kavu unapoibonyeza kwa kidole. Mashine yenye diaframu hiyo inaweza kuwaka, ikanguruma sekunde chache, kisha ikafa, na mwenye nayo akabadilisha plagi tatu bila kufika popote. Habari njema ni kwamba seti za diaframu na gasketi za kabureta za Tillotson na Walbro bado zinatengenezwa, hata kwa mashine za miaka ya 1960. Badilisha zote kwa pamoja, safisha kichujio kidogo kilicho ndani ya kabureta, na uupime mkono wa sindano ya mafuta dhidi ya uso wa chuma kabla ya kufunga. Kimo cha mkono huo kikizidi, injini hunywa kupita kiasi. Kikipungua, hufa njaa.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nami naisisitiza kwa moyo wote. Usiwashe msumeno mkongwe kabla ya kupima kama nyumba ya krenki inashika upepo. Sili za krenki hukakamaa zikikaa, na sili iliyokakamaa huruhusu hewa kuingia bila kupitia kabureta, hivyo mchanganyiko unakuwa na petroli haba na oili haba. Injini hupaa kwa kasi, hukawia kushuka unapoachia kichocheo, na kabla mtu hajaelewa anachosikia pistoni imekwisha kushikana na silinda. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira kilichobanwa na ekzosi yenyewe, ziba upande wa kabureta, sukuma upepo wa nusu baa kupitia tundu lililotengwa au bomba la msukumo wa kabureta, kisha angalia kama sindano ya geji inasimama. Ikishuka, maji ya sabuni yatakuonyesha povu linakotokea. Pima pia kwa kunyonya, kwa kuwa ziko sili zinazoshika zikisukumwa na kuvuja zikivutwa. Mashine iliyohifadhi silinda yake kwa miaka 50 haifai kuipoteza kwa sababu ya mtu mwenye hamu ya kusikia mlio wake siku ya kwanza.

Silinda iliyokwaruzwa si lazima iwe imekufa. Ikiwa ndani ina utando wa kromiamu, michirizi inayoonekana mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyopakazwa juu ya utando, na asidi ya hidrokloriki ikipakwa kidogo kidogo kwa pamba juu ya michirizi hiyo huila alumini, ila isiachwe muda mrefu, kwani huweza kuula na utando wenyewe. Ukucha ukipita baadaye bila kukwama, kuna matumaini. Asidi isifike kwenye matundu ya kupitishia gesi wala mahali ambapo utando umekwisha kutoka, kwani hapo italila umbo la silinda lenyewe. Na kazi hii ifanyike penye hewa, kwa glavu na miwani. Silinda zenye slivu (bomba la ndani) ya chuma hutendewa tofauti, kwa kusuguliwa na jiwe la kuhoni, na asidi haina nafasi kwao.

Kuhusu mchanganyiko wa mafuta, maandishi yaliyo kwenye matangi ya zamani huagiza sehemu moja ya oili kwa 16 au 20 za petroli, na wapo wanaoyafuata kama maandiko matakatifu. Maagizo hayo yalitungwa wakati oili iliyotumika ilikuwa ya injini za kawaida. Oili za leo za injini za mipigo miwili hulinda vizuri zaidi kwa kiasi kidogo; mimi hutumia moja kwa 32, na plagi hubaki na rangi ya kahawia ninayoitaka. Siendi hadi moja kwa 50 katika mashine zenye beringi za zamani.

Marekebisho ya kabureta yafanywe msumeno ukiwa ndani ya gogo. Kwanza legeza skrubu zote mbili za mafuta kiasi cha mzunguko mmoja kutoka zilipofungwa, washa, uache upate joto. Ukiwa nje ya mti na kichocheo kimevutwa hadi mwisho, msumeno uliorekebishwa vizuri hutoa mlio wa kukwaruzakwaruza, kana kwamba unaruka moto mmoja katika kila mbili. Mara meno yanapouma mti, mlio huo husafika na kuwa mmoja. Asikiaye mlio safi ukiwa hewani akafurahi, amekaza skrubu kupita kiasi. Misumeno hii iliundwa kwa nguvu ya kuvuta katika kasi ndogo, na anayeilazimisha ilie kama ya kisasa anaiua.

Rangi siigusi, labda kutu ya magnesiamu inilazimishe kuifunika. Mpini uliong'arishwa na viganja vya mtu aliyekata nao maisha yake yote, na kibandiko cha kiwanda kilichofifia nusu, haviwezi kutengenezwa tena vikishafutwa, na wanunuzi wanaojua hulipia zaidi mashine iliyooshwa kuliko iliyopakwa upya.

Kitu kimoja hakirekebishiki, nacho ni ulinzi ambao haukuwekwa tangu mwanzo. Kinga dhidi ya mtikisiko ilianza kuenea katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na breki ya mnyororo katika miaka ya 1970. Msumeno wa kabla ya hapo ukigusa kitu kwa ncha ya juu ya bamba hurushwa kuelekea usoni kwa mkataji, na hakuna cha kuusimamisha mnyororo. Mtikisiko wake, ukivumiliwa kwa saa nyingi kila siku, huharibu mishipa ya damu ya vidole hadi vikawa vyeupe na baridi. Kwa hiyo misumeno hiyo naitumia kwa vipindi vifupi, gogo likiwa chini na limeegemezwa vizuri, mnyororo ukiwa umenolewa kwa tupa ya ukubwa wake, yaani milimita 5.5 kwa mnyororo wenye hatua ya viungo ya inchi 0.404. Miti iliyosimama naiachia mashine mpya.

Msumeno unapoondoka mikononi mwangu huwa umefungwa lebo kwenye mpini. Humo nimeandika uwiano wa oili, nafasi ya pointi, mgandamizo niliousoma na kila sehemu isiyo ya asili niliyoiweka, ili fundi wa baadaye asilazimike kubahatisha. Kama hauna breki, hilo limeandikwa kwa herufi kubwa. Na kama mnunuzi anautaka kwa kuuweka rafuni tu, ninamkabidhi mnyororo ukiwa umevuliwa, ndani ya mfuko wake, matangi yote mawili, la petroli na la oili ya mnyororo, yakiwa makavu.